Mashahidi Wanne wa Kanzidata

Mtu anayeanza kuandika programu ya tovuti aghalabu hudhani kuwa kazi ngumu ni kubuni majedwali ya kanzidata mara ya kwanza, na kwamba yakishabuniwa yatakaa kama yalivyowekwa. Lakini programu inayotumiwa na watu haina budi kubadilika kadiri haja zao zinavyobadilika, na jedwali ambalo jana lilitosha kuhifadhi jina la mteja na namba yake ya simu, leo hutakiwa kubeba anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, ilhali ndani yake mna maelfu ya mistari ambayo haijuzu kupotea hata mmoja. Hapo ndipo penye asili ya mas'ala yote. Msimbo hubadilishwa kwa kufutwa na kuandikwa upya, wala haudai chochote cha jana. Data haifutwi, nayo sharti ichukuliwe salama kutoka umbo la kale hadi umbo jipya, katika kila seva ambamo programu ile inakaa.

Nitakishika kiunzi cha Django katika uchambuzi huu, kwa kuwa hitilafu zake zinafanana na za viunzi vingine vingi na kwa kuwa namna yake ya kufanya kazi i dhahiri kwa mwenye kuitazama. Kilizaliwa katika ofisi za gazeti la Lawrence Journal-World, mjini Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison mwaka 2003, kikatolewa kwa umma mwaka 2005. Katika miaka yake ya mwanzo kilikuwa na amri iitwayo syncdb, iliyojua kuunda jedwali ambalo halipo lakini isiyothubutu kuligusa lililopo. Mwenye kutaka kuongeza safu moja tu alilazimika kuandika amri za SQL kwa mkono wake katika kila mashine, na kukumbuka kwa kichwa chake ni ipi ameshaitengeneza na ni ipi bado. Watumiaji wa kiunzi kingine, Ruby on Rails, walikuwa na maigresheni tangu mwaka 2005, yaani hati ndogo ndogo za mageuzi ya muundo, kila moja ikieleza hatua moja na jinsi ya kuirudisha nyuma. Andrew Godwin akaandika programu ya South mwaka 2008 ili watu wa Django nao wapate jambo hilo, na baada ya miaka kadhaa akaliandika upya ndani ya Django yenyewe, nalo likatoka katika toleo la 1.7, Septemba 2014.

Ili hitilafu zieleweke, yafaa kwanza kujua kwamba hali ya kanzidata katika Django hushuhudiwa na mashahidi wanne, na kila mmoja anasema jambo lake. Wa kwanza ni modeli, zilizoandikwa katika msimbo, nazo husema yale ambayo mwandishi anataka yawe. Wa pili ni hati za mageuzi, zilizopangwa katika folda ya migrations ya kila sehemu ya programu, nazo husema njia iliyopitwa tangu mwanzo hadi kufikia matakwa hayo. Wa tatu ni daftari, jedwali dogo liitwalo django_migrations lililomo ndani ya kanzidata, ambalo halina zaidi ya jina la sehemu, jina la hati, na saa ambayo hati ilitekelezwa. Wa nne ni majedwali yenyewe, ambayo hayasemi mpaka yaulizwe, lakini ndiyo peke yake yanayosema yaliyopo.

Sasa, jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo kwa maoni yangu ndilo mzizi wa dhiki zao, ni kwamba hakuna amri ya kila siku inayowaleta mashahidi wote wanne mbele ya kadhi mmoja. Amri ya makemigrations huzisoma hati zote, ikazipitia moja baada ya nyingine akilini mwake bila kuyagusa majedwali, ikapata picha ya kanzidata jinsi inavyopasa kuwa, kisha ikailinganisha picha hiyo na modeli. Ikiona tofauti huandika hati mpya. Daftari hulitupia jicho kwa ajili ya kuhakikisha mfuatano tu, na majedwali haiyatazami kabisa. Amri ya migrate nayo husoma hati na daftari, ikatekeleza zile ambazo daftari halizitaji. Haiulizi kama jedwali lililopo lina umbo ambalo daftari linalidai. Basi mtu akiingia usiku katika kanzidata akaongeza safu kwa mkono, au akarejesha nakala ya akiba ya mwezi uliopita juu ya msimbo wa leo, uwongo unakuwa umeingia katika ushahidi na hakuna atakayeupinga mpaka siku ambayo mtumiaji atafungua ukurasa na kuambiwa kuwa safu haipo.

Hitilafu mbili zilizo mashuhuri kuliko zote ni matawi ya jambo hilo moja. Ya kwanza husema kwamba jedwali, au safu, tayari ipo: maana yake ni kwamba majedwali yamekwisha kufika mahali ambapo daftari halijafika. Ya pili husema kwamba jedwali au safu haipo: ama hati haijaandikwa, ama imeandikwa na haijatekelezwa, ama daftari linadai kuwa imetekelezwa ilhali si kweli. Mwenye haraka hutafuta dawa kabla ya kujua ni ipi kati ya hizo. Mwenye hadhari hutoa amri ya showmigrations, inayomwonyesha hati zote na alama ya X mbele ya zile zilizomo daftarini. Kisha sqlmigrate, inayomfunulia SQL ambayo hati fulani ingeitoa kama ingetekelezwa. Halafu huingia katika kanzidata yenyewe na kuliuliza jedwali umbo lake, kwa \d katika PostgreSQL au .schema katika SQLite. Kazi hiyo haizidi dakika chache, nayo humwambia ni shahidi yupi kati ya wanne anayekwenda kinyume na wenzake. Nashangaa ni wangapi wanaoiruka.

Akishajua, tiba huwa nyepesi. Ikiwa jedwali lipo na umbo lake ni lile lile ambalo hati inalitaka, basi hupewa amri ya migrate pamoja na chaguo la --fake, ambalo huandika jina la hati katika daftari pasipo kuitekeleza. Ikiwa daftari ndilo linalodanganya, hurudishwa nyuma kwa chaguo hilo hilo hadi hati iliyotangulia, kisha migrate ikaitwa kwa kweli. Lakini hapa pana mtego: kulirudisha daftari nyuma hufuta majina ya hati zote zilizofuata, hata zile zilizotekelezwa kwa haki, nazo zitatekelezwa mara ya pili na kugonga mwamba wa safu ambazo tayari zipo. Chaguo la --fake-initial lina uangalifu kidogo, kwa maana hutazama kama majedwali ya hati ya mwanzo yapo kabla ya kuyahesabu kuwa yametengenezwa. Hata hivyo hutazama majina tu, halipimi kama safu zake ni za aina ile ile.

Kuna shauri ambalo kila mgeni wa Django hulisikia mapema, tena kwa kauli ya mtu anayejiamini: futa folda za migrations, anza upya. Kwa mtu aliye peke yake na kompyuta yake, ambaye kanzidata yake haina kitu cha thamani na ataifuta nayo, shauri hilo halina madhara. Kwa programu iliyo na watumiaji, ni kumwua shahidi kwa sababu maneno yake yanaudhi. Tena matokeo yake hayaonekani papo hapo. Mtu hufuta hati 30, akaita makemigrations, akapata hati moja mpya iitwayo 0001_initial. Jina hilo hilo limo katika daftari tangu mwaka ambao programu ilianza, kwa hiyo migrate husema kwamba hakuna la kufanya, na mwenyewe hufurahi. Kama katika modeli zake mlikuwa na safu moja ambayo haikuwa imefikishwa katika seva, safu hiyo sasa imefichwa ndani ya hati ambayo daftari linaihesabu kuwa ya zamani, na haitaundwa abadani mpaka mtu ailete kwa mkono. Mwenye kuchoshwa na wingi wa hati ana njia ya halali: amri ya squashmigrations hukusanya hati nyingi katika moja, na ile moja hubeba orodha ya majina ya zile inazozirithi, ili daftari lijue kwamba ni mali ile ile.

Ugomvi mmoja una sura yake ya pekee, na umewatoa machozi watu wengi kuliko unavyostahili. Django huja na modeli yake ya mtumiaji, na nyaraka zake zinashauri kwamba mradi mpya uwe na modeli yake yenyewe ya mtumiaji tangu siku ya kwanza, hata kama haizidi ile ya asili kwa lolote. Wengi hawasomi sehemu hiyo mpaka wamekwisha kutoa amri ya migrate. Wakija kubadili mpangilio wa AUTH_USER_MODEL katikati ya safari, huambiwa kwamba historia ya hati haipatani: hati ya kwanza ya sehemu ya admin imetekelezwa kabla ya hati ya kwanza ya accounts, yaani sehemu iliyo na modeli mpya ya mtumiaji, ambayo ndiyo tegemeo lake. Na ni kweli, kwani daftari linaonyesha kuwa admin ilikwisha pita, na sasa msimbo unadai kwamba admin haikuweza kupita kabla ya mtumiaji mpya kuzaliwa. Wala si suala la maandishi peke yake. Funguo za nje za jedwali la kumbukumbu za admin zinaelekea jedwali la kale la auth_user, na kuandika jina moja daftarini hakuzigeuzi. Kama kanzidata ni tupu, ifutwe na kuundwa upya. Kama ina watu ndani yake, njia inayojulikana ni kuunda modeli mpya iliyo sawa na ile ya asili kwa kila sehemu, iitwe User, iamriwe kutumia jedwali lile lile la auth_user, hati ziandikwe upya, daftari lisafishwe, na hati hizo zihesabiwe kuwa zimetekelezwa. Kisha, baada ya hapo tu, ndipo modeli iongezwe sehemu mpya kwa hati za kawaida. Nakala ya akiba hutangulia yote hayo.

Watu wawili wanaofanya kazi pamoja hukutana na jambo jingine, jepesi zaidi. Kila mmoja katika tawi lake la Git huandika hati ya 0005, na matawi yakiunganishwa Django hukataa kuendelea, ikisema kuwa kuna ncha mbili. Namba hizo ni za kumsaidia binadamu tu. Mpangilio wa kweli hutokana na mategemeo yaliyoandikwa ndani ya kila hati, na hati mbili zenye mzazi mmoja hazimwambii mtu ipi itangulie. Chaguo la --merge la makemigrations huandika hati ya tatu inayozitegemea zote mbili, nayo yatosha maadamu hazigusi safu moja. Rails ilikuwa na dhiki hiyo hiyo ilipokuwa ikihesabu moja, mbili, tatu, na mwaka 2008 katika toleo la 2.1 ikaacha kuhesabu, ikaanza kuziita hati kwa tarehe na saa.

Panahitajika kusimama zaidi mahali ambapo Django humwuliza mtu swali, maana hapo mashine imekiri kwamba haijui, na jibu la pupa hulipiwa baadaye. Mtu akibadili jina la sehemu ya modeli kutoka simu kuwa namba_ya_simu, makemigrations huona kitu kimoja kimetoweka na kingine kimetokea, ikauliza kama ni kubadilishwa jina. Jibu lililo tayari, kwa mwenye kubonyeza tu kitufe bila kusoma, ni hapana. Na hapana maana yake ni kuondoa safu ya kale pamoja na simu zote zilizomo, na kuongeza mpya iliyo tupu. Vilevile ikiongezwa sehemu isiyoruhusu utupu katika jedwali lenye mistari, huulizwa thamani gani ipewe mistari iliyopo, na wengi huandika nukta au sifuri ili wapite, nukta ile ikabaki katika rekodi za wateja miaka na miaka. La hatari ya siri ni sehemu ambayo thamani yake haipasi kulingana katika mistari miwili, kama vile kitambulisho cha UUID: Django huita kazi inayotoa thamani hiyo mara moja tu kwa ajili ya mistari yote ya kale, kila mstari ukapata kitambulisho kile kile, na sharti la upekee likavunjika papo hapo. Nyaraka za Django zinaeleza kuigawa kazi hiyo katika hati tatu: ya kuongeza safu inayoruhusu utupu, ya kuijaza mstari kwa mstari, na ya kuweka sharti.

Hati za kujaza data zina adabu yake. Modeli hazipasi kuletwa kutoka katika msimbo wa leo, bali huombwa kwa apps.get_model, inayotoa modeli kama ilivyokuwa wakati ule wa historia, bila kazi ambazo mwandishi aliziongeza mwenyewe; ambaye modeli yake hutengeneza namba ya risiti ndani ya save atashangaa kuona risiti hazina namba. Na katika PostgreSQL si vema kujaza data na kubadili muundo wa jedwali lile lile katika hati moja, kwani kanzidata huweza kukataa, ikisema kuna matukio ya funguo za nje yanayosubiri kukaguliwa.

Kanzidata zenyewe hazina tabia moja. PostgreSQL hukubali mabadiliko ya muundo ndani ya muamala, hivyo hati ikianguka katikati yote hurudi kama yalivyokuwa. MySQL hufunga muamala kila inapopewa amri ya kubadili muundo, na hati yenye hatua tano ikianguka katika ya nne, tatu zimebaki majedwalini huku daftari halina habari. Ndiyo maana hitilafu ya safu iliyopo tayari huonekana zaidi huko. SQLite kwa miaka mingi haikujua kuondoa safu, nayo iliipata kazi hiyo mwaka 2021 katika toleo la 3.35, kwa hiyo Django ilizoea kuunda jedwali jipya, kunakili mistari, na kulitupa la kale. Desemba 2018 likatoka toleo la 3.26, ambamo jedwali likibadilishwa jina, funguo za nje za majedwali mengine hulifuata jina jipya. Django ilikuwa ikiliita jedwali la kale auth_user__old kabla ya kulitupa. Funguo zikalifuata, jedwali likatupwa, na watu wakaanza kusoma kwamba hakuna jedwali liitwalo main.auth_user__old, jina ambalo hawakuliandika popote. Mashahidi wote walikuwa wakisema kweli kwa kadiri walivyojua. Matoleo ya Django ya 2.0.10 na 2.1.5, ya Januari 2019, yaligeuza utaratibu ili jedwali jipya ndilo lipewe jina la muda, na waliokwisha kudhurika wakaambiwa huenda wakalazimika kuzijenga upya kanzidata zao.

Hitilafu nyingine hutoka nje ya msimbo wa mtu mwenyewe. Toleo la 3.2 la Django, la mwaka 2021, lilileta mpangilio wa DEFAULT_AUTO_FIELD, na mwenye kuuweka kuwa BigAutoField aliweza kuona makemigrations ikiandika hati mpya si katika programu yake tu, bali hata ndani ya folda ya site-packages, kwa ajili ya kifurushi cha mtu mwingine ambacho hakikutaja aina ya ufunguo wake. Hati hiyo haimo katika Git. Kama hati ya mradi imeandikwa kuitegemea, programu itakwenda vizuri katika kompyuta ile moja na kugoma katika nyingine zote, ikilalamikia hati ya mzazi isiyoonekana.

Yaliyosalia ni yale ya seva iliyo kazini. Mabadiliko mengi ya muundo katika PostgreSQL hushika kufuli lisiloruhusu hata kusoma, na ingawa huweza kushikwa kwa muda mfupi mno, kama kuna muamala mrefu uliotangulia, amri hiyo husubiri, na maombi yote yanayokuja nyuma yake husubiri pia, tovuti ikasimama kwa ajili ya safu moja. Ndiyo maana wenye uzoefu huweka lock_timeout, huunda faharasa kubwa kwa AddIndexConcurrently nje ya muamala, na hupendelea toleo la 11 la PostgreSQL na yaliyofuata, ambamo kuongeza safu yenye thamani ya msingi isiyobadilika hakulazimishi jedwali zima kuandikwa upya. Mifumo mingine ina kufuli la namna nyingine: OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kwa ushirikiano wa madaktari wa Eldoret na Indiana, hutumia Liquibase, ambayo huandika kufuli lake katika jedwali kabla ya kuanza mageuzi; umeme ukikatika katikati, kufuli hubaki limeandikwa, na mfumo ukiwashwa tena husubiri mwenye kufuli ambaye hayupo, wala hauendelei mpaka mtu aliondoe kufuli lile kwa mkono.

Fauka ya hayo, wakati wa kupeleka toleo jipya, msimbo wa kale na mpya huishi pamoja kwa muda, nao wote wawili huyatumia majedwali yale yale. Kubadili jina la safu kwa hati moja, hata ikiandikwa kwa usahihi, huuangusha ule wa kale mara hati inapotekelezwa. Kwa hiyo safu mpya huongezwa kwanza huku ikiruhusu utupu. Msimbo huandika katika zote mbili. Mistari ya zamani hujazwa kwa mafungu madogo. Usomaji huhamia katika mpya. Na ya kale huondolewa katika toleo jingine, baada ya kuhakikisha kuwa hakuna anayeisoma. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo isiyo na marejeo, kwani Django itakubali kuirudisha nyuma hati iliyoondoa safu, ikiwa safu hiyo iliruhusu utupu au ilikuwa na thamani ya msingi, na safu itarudi ikiwa na jina lake na aina yake, bila yale yaliyokuwa yameandikwa ndani.